SAA YA JOGOO, AO NAMNA ORDINATERE INAVYOHESABU WAKATI



Wengi mmetuuliza juu ya nini Jumamosi ile vicheko vilikuwa vingi katika chumba cha sekretaria, na juu ya nini Jumatatu iliyofuata majina tisa yalifutwa katika buku ya nidhamu. Wengine wamesema ni upendeleo. Hapana. Mambo haya mawili ni jambo moja, na katika kurasa hizi tunataka kulieleza bila kuficha kitu. Kwanza tutaeleza mashine, kiisha tutafika kwenye buku. Tafadhali msiruke kurasa.

Mashine yenyewe

Tarehe 23 Aprili 1982, huko Uingereza, kampuni ya Bwana Clive Sinclair (aliyekufa mwaka wa 2021) ilionyesha ordinatere ndogo ya nyumbani iliyoitwa ZX Spectrum. Ilikuwa nyeusi, ukubwa wake sawa vile buku, na vidude vyake vya kuandikia vilikuwa vya mpira. Ile ndogo iliuzwa paundi 125, na ile yenye akili kubwa zaidi paundi 175. Haikuwa na kioo chake yenyewe: uliifunga kwenye televizyo ya nyumbani, na baba akitaka kutazama habari, kazi yako imekwisha. Programu zilitunzwa katika kaseti ya kawaida, ile ile ya nyimbo. Akili yake yote, katika ile ya paundi 175, ilikuwa fasi ya herufi 49,152. Ukichukua bulletini yetu, hizo ni chini ya kurasa ishirini.

Siku hizo magazeti ya huko yalikuwa yanachapa programu kwenye karatasi, na mtoto anakaa anaiandika katika mashine yake mstari kwa mstari. Ukikosa nukta moja tu, mashine inakataa. Katika programu hizo fupi, saa ilipendwa sana, juu ya haikuhitaji mistari mingi na kila mtu nyumbani alielewa inafanya nini. Lakini fikiri: saa ya ukutani watu walikuwa nayo tayari. Kununua mashine ya paundi 175 ili ikuonyeshe saa ni sawa vile kuchinja ng'ombe mzima juu ya mkia. Basi watu wakaigeuza kuwa mchezo: saa inayokwenda nyuma, saa inayosema kwa maneno, saa inayoimba. Ilikuwa kitu cha kuchekesha wageni sebuleni.

Sisi hapa hatuna Spectrum ya kweli. Mwalimu wetu wa matematike aliweka katika ordinatere ya sekretaria programu inayoiga mashine ile ya zamani: ukiifungua, kioo kinakuwa cheupe, na unaandika sawa vile mtoto wa mwaka 1982. Kwa ruhusa ya Bwana Préfet, sisi madoyen wa mwaka wa sita tulikaa mbele yake Jumamosi baada ya usafi, tukatengeneza saa yetu. Tuliiita Saa ya Jogoo.

Saa yetu inasema nini

Saa ya Jogoo haionyeshi tarakimu. Inaandika maneno. Saa 7.30 za asubuhi (kwa hesabu ya darasani, juu bibi zetu wangesema saa moja na nusu) inaandika: «Kengele imelia, wewe uko wapi?» Saa 10 inaandika: «Pumziko. Maharage bado magumu.» Saa 12.30: «Tumbo lina saa yake.» Usiku saa 9, kwa wale wa enterna: «Taa izimwe. Tunakuona.» Kila mstari wa kioo unabeba herufi 32 tu, na nafasi zimehesabiwa humo, kwa hiyo tuliteseka kufupisha. Ule mstari wa kengele una 30. Tuliuhesabu mara tatu.

Tena kila saa ikitimia, jogoo analia: mara moja kwa saa ya kwanza, mara mbili kwa saa ya pili, hivyo hivyo mpaka mara kumi na mbili. Kila mlio ni wa sekunde moja. Tulicheka mpaka Mama wa jikoni akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Kiisha Mwalimu akauliza swali moja tu: «Jogoo wenu anajuaje saa?» Hapo vicheko vikapungua.

Kubisha hodi mara hamsini

Jibu ni kwamba hajui. Ndani ya Spectrum hakuna saa. Iko hesabu tu, na hesabu hiyo inakwenda hivi.

Televizyo haionyeshi picha inayotembea. Inaonyesha picha nyingi zilizosimama, moja baada ya nyingine kwa haraka, na jicho letu linadanganyika. Televizyo za Uingereza wakati ule zilipokea picha hizo mara 50 kwa sekunde. Katika Spectrum kuna kipande kimoja chenye kazi ya kupeleka picha kwenye televizyo. Kila kikianza picha mpya, kinabisha hodi kwa kile kipande kikubwa kinachofikiri. Kipande kikubwa kinaacha kazi yake, kinafanya mambo mawili: kinaongeza moja kwenye hesabu, na kinatazama kama kuna mtu aliyegusa kidude cha kuandikia. Kiisha kinarudi kwenye kazi yake.

Basi hodi 50 ni sekunde moja. Hodi 3,000 ni dakika. Hodi 180,000 ni saa nzima. Anayetaka kujua wakati anachukua hesabu na kuigawa kwa 50. Ndiyo saa yote!

Hesabu hiyo inakaa katika vyumba vitatu, na kila chumba kina namba: 23672, 23673 na 23674. Chumba cha kwanza kinahesabu kutoka 0 mpaka 255. Kikijaa, kinarudi 0 na kile cha pili kinapata moja. Cha pili kikijaa, cha tatu kinapata moja. Ni sawa vile tunavyobeba makumi na mamia katika kujumlisha, ila hapa tunabeba 256. Katika lugha ya mashine kuna neno PEEK, maana yake «chungulia». Kwa hiyo mstari mkubwa wa programu yetu ni huu:

(65536*PEEK 23674+256*PEEK 23673+PEEK 23672)/50

Wa mwaka wa tatu, hesabuni ninyi wenyewe: vyumba vitatu vikijaa kabisa vinabeba hodi 16,777,215. Gawa kwa 50, utapata sekunde zaidi kidogo ya 335,544, maana yake siku 3, masaa 21 na dakika 12. Kiisha hesabu inarudi sifuri, na mashine inafikiri kwamba imezaliwa sasa.

Makosa ya jogoo

Sasa sikieni kosa la kwanza. Ili jogoo alie, tunatumia neno BEEP. Kutoa sauti katika mashine hii ni kazi ngumu: kile kipande kikubwa chenyewe ndicho kinatikisa kispika, na ili sauti isitetemeke kinafunga mlango mpaka kimalize. Hodi zinabishwa, hakuna anayesikia. Jogoo akilia sekunde moja, hodi 50 zinapotea. Maana yake ni kwamba saa inasimama kila inapotangaza saa! Hata kitabu kilichouzwa pamoja na mashine kilionya kwamba hesabu inasimama wakati wa BEEP na wakati wa kazi za kaseti.

Tukapiga hesabu kwenye ubao. Moja na mbili na tatu mpaka kumi na mbili, jumla ni 78. Kwa siku nzima ni mara mbili: sekunde 156. Jogoo wetu anachelewa kila siku dakika mbili na nusu na zaidi, kwa sababu ya makelele yake mwenyewe.

Kosa la pili linakwenda upande mwingine. Tumesema hodi ni 50 kwa sekunde, lakini si kamili. Moyo wa Spectrum hupiga mara 3,500,000 kwa sekunde, na picha moja inachukua mapigo 69,888. Gawa: unapata picha 50.08 kwa sekunde. Hiyo 0.08 ni ndogo sana, hata ukiangalia kwa jicho huioni. Lakini sekunde za siku ni 86,400. Mwisho wa siku mashine itakuwa imeongeza sekunde 138 ambazo hazikuwepo.

Hapo Mwalimu akacheka yeye mwenyewe. Kosa moja linakimbiza saa sekunde 138, lingine linaichelewesha 156. Makosa mawili yanakaribia kufutana! Mwisho wa siku Saa ya Jogoo inakuwa nyuma sekunde 18 tu. Mmoja wetu akasema: «Basi ni saa nzuri.» Mwalimu akamwambia atazame vizuri ubaoni. Ukiianzisha saa 12 za usiku, baada ya masaa matano imetangulia karibu sekunde 14, kwa sababu jogoo amelia kidogo tu. Inapofika saa 12 mchana, amelia sana, na saa iko nyuma karibu sekunde 9. Haikuwa ya kweli asubuhi, haikuwa ya kweli mchana. Makosa mawili yalipeana mkono njiani tu, kiisha kila moja likaendelea na safari yake.

(Siku nzima hatukuiacha iwake, mnajua wenyewe mambo ya umeme wa hapa. Hesabu hizi ni za ubaoni.)

Kuchungulia mara mbili

Liko kosa la tatu, na hili ndilo lilitushangaza zaidi. Tuseme hesabu imefika 65,535, karibu dakika 22 baada ya kuwasha. Chumba kikubwa kina 0, cha katikati 255, kidogo 255. Programu inachungulia kile kikubwa: 0. Kabla haijafika kwenye vingine, hodi inabishwa, na vyumba vyote vinageuka: kikubwa sasa kina 1, na vile viwili vina 0. Programu inaendelea, inaona 0 na 0. Inajumlisha: sifuri! Saa inaruka nyuma dakika 22, kiisha inarudi sawa kama hakuna kitu kilichotokea.

Dawa yake ni nyepesi: chungulia mara mbili, na uchukue hesabu iliyo kubwa. Makosa mawili ya namna hii hayawezi kufuatana mara moja, juu vyumba haviwezi kugeuka vile mara mbili kwa muda mfupi hivyo. Tuliongeza mstari mmoja, ikatosha.

Mashine inaanza na sifuri

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni hili. Ukizima Spectrum, hesabu inakufa. Ukiiwasha, inaanza 0. Haijui kama ni asubuhi ao usiku, haijui kama imelala saa moja ao mwaka mzima. Bibi mmoja wa kijijini angeielewa upesi: kwake pia siku inaanza kuhesabiwa pale mwanga unapotokea. Tofauti ni kwamba jua halikosi kuja kwa wakati wake.

Na si Spectrum peke yake. Commodore 64, ya Marekani, ya mwaka ule ule wa 1982, ilikuwa na saa ya tarakimu sita, na kila ikiwashwa ilionyesha 000000 mpaka mtu aiambie. Ordinatere ya kazi ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa inauliza tarehe na saa kila ikiwashwa. Usipoijibu, kwake ilikuwa Jumanne tarehe 1 Januari 1980, hata kama ni mwaka gani. Mwaka wa 1984 IBM ilitoa nyingine yenye betri ndogo ndani, inayolinda saa hata umeme ukikatika. Ordinatere za leo za ofisi ziko hivyo, na betri ile ikifa, mashine mpya inasahau sawa vile ya zamani.

Basi katika programu yetu mstari wa kwanza kabisa ni swali. Mashine inaandika: «Ni saa ngapi, wewe uliye hai?» Inangoja. Unaiambia. Kutoka hapo inajumlisha hodi zake juu ya neno lako. Ukiidanganya, itadanganya sawasawa, sekunde kwa sekunde.

Mwalimu akauliza tena, pole pole: «Na hii ya sekretaria, ni nani aliyeiambia saa?»

Majina tisa

Sasa tumefika kwenye buku.

Juma lile umeme ulikuwa umekatika, ukarudi Jumatatu jioni. Ordinatere ya sekretaria betri yake ndogo imekwisha, kwa hiyo iliamka na saa ya uongo. Mmoja wetu madoyen, akitaka kusaidia, akaitengeneza kwa kufuata saa yake ya mkono. Saa hiyo ya mkono yeye mwenyewe alikuwa ameisogeza mbele dakika 12, ili imwamshe mapema ajifunze kwa ajili ya mtihani wa Serikali. Akasahau. Kiisha mwingine wetu akatengeneza saa ya ukutani kwa kufuata ordinatere, juu alisema mashine haikosei. Na anayepiga ile janti ya kamio inayotumika kama kengele anafuata saa ya ukutani.

Tangu Jumanne mpaka Ijumaa kengele ililia dakika 12 mbele ya wakati. Wa enterna hawakujua kitu, wanalala hapa hapa. Waliopata shida ni wale wanaotoka nyumbani kwa miguu. Sisi tulisimama mlangoni na buku, tukaandika majina tisa. Tisa hao walikata majani nyuma ya darasa la pili wakati wenzao walikuwa katika somo.

Dada mmoja wa mwaka wa tatu alituambia Jumatano: «Redio ya baba ilitangaza saa moja kamili nikiwa nafunga viatu. Siwezi kuwa nimechelewa.» Tulimjibu kwamba redio ya baba yake ni nzee na ordinatere ya shule ni mpya. Mmoja wetu akaongeza: «Mashine haisemi uongo.» Tunaandika maneno haya kama yalivyosemwa, juu ndugu huyo alituomba tuyaandike.

Ile Jumamosi, baada ya swali la Mwalimu, tulinyamaza. Kiisha mwenye saa ya mkono akaitazama, uso ukabadilika. Tukafungua redio, tukangoja habari. Zile alama sita ambazo redio ya BBC inatoa kabla ya saa kutimia, tangu mwaka 1924, ndiyo ya sita inayosema «sasa». Ilipolia, saa ya ukutani ilikuwa imepita dakika 12 kamili.

Tulikwenda kwa Bwana Direkta wa nidhamu jioni ile ile. Hakutugombeza sana. Alisema tu tuchukue buku na tuchungulie mara mbili. Majina tisa yalifutwa Jumatatu mbele ya mstari, mliona wenyewe. Majani yaliyobaki tuliyakata sisi, madoyen wote wanne, na hayo pia mliyaona, juu mlisimama dirishani kucheka. Kwa dada yule na wenzake wanane tuliomba radhi kila mmoja peke yake. Hapa tunaiomba tena mbele ya wote.

Kutoka leo

Kwa makubaliano na Bwana Préfet, mambo matatu yamepangwa. Kila Jumatatu kabla ya sala ya asubuhi, saa ya ukutani italinganishwa na redio, na anayefanya hivyo ataandika jina lake ukutani. Ordinatere itafuata redio pia, haitakuwa tena mwalimu wa saa nyingine. Na mwanafunzi akisema hakuchelewa, tutatazama saa ya pili kabla ya kufungua buku. Betri mpya ya ordinatere imeagizwa mjini. Tunaingoja.

Mtu asiseme sasa kwamba saa zote ni uongo na kila mmoja aje apendavyo! Kengele ni 7.30, na mlango unafungwa. Lakini tumejifunza kwamba saa, hata ile ya ordinatere, ni hesabu iliyoanzia kwenye neno la mtu fulani. Ukitaka kumwadhibu mwenzako kwa hesabu hiyo, uliza kwanza neno lile lilitoka kwa nani.

Wanaotaka kuiona Saa ya Jogoo, waje sekretaria Jumamosi saa 3 mchana, umeme ukiwepo. Leteni mistari yenu ya kuchekesha kwa kila saa ya siku, tutaiandika ndani. Herufi 32, nafasi pamoja. Hatutaki jina la mwalimu ndani yake, na Mama wa jikoni amesema mstari wa maharage ubadilishwe.

Ni sisi, madoyen wa wanafunzi, mwaka wa sita.